Tandu Amemuuma Mwanangu, Mamamkwe Anadai Wembe

Shikamoo Shangazi,

Ninaishi Nyamasaria, hapa Kisumu, pamoja na mume wangu, watoto wetu watatu na mamamkwe aliyetoka Ahero baada ya maji kuingia kwake. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili. Sakafu ni ya simiti, lakini imepasuka kuanzia mlangoni hadi bafuni. Vijana wangu wawili hulala sebuleni kwenye godoro tunalotandika chini usiku na kuliinua asubuhi.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu jioni. Usiku wa manane kifungua mimba wangu, mwenye miaka saba, aliamka akipiga mayowe. Baba yake alimulika kwa tochi ya simu tukamwona tandu mkubwa, mwekundu wa udongo, akikimbilia kwenye ufa. Alimpiga kwa kandambili hadi akafa. Juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mtoto palikuwa na vitone viwili vyekundu karibu karibu, na mguu ulishaanza kuvimba.

Mamamkwe aliomba wembe. Alisema pachanjwe sumu itoke na damu, papakwe mafuta ya taa, na mguu ufungwe kamba chini ya goti ili sumu isipande moyoni. Nilikataa. Nilimwosha mtoto kwa sabuni, nikampa Panadol ya maji, nikampakata. Alilia karibu mpaka alfajiri. Asubuhi uvimbe ulikuwa umefika vidoleni na alikuwa na mtoki. Siku ya tatu ulianza kushuka. Sasa anakimbia na wenzake, ila pale alipoumwa panamwasha na pana alama nyeusi.

Shangazi, tangu siku hiyo mama hasemi nami ila salamu. Ananiambia nimemwachia mjukuu wake sumu mwilini, na kwamba siku moja itamzukia. Jirani naye anasema tandu hutembea wawili wawili, na wa pili atakuja kulipiza kisasi. Sasa silali. Mume wangu ameleta dawa kutoka kwa rafiki yake anayelima nyanya. Imo ndani ya chupa ya soda, haina maandishi yoyote, na anataka kunyunyiza nyumba nzima Jumamosi hii. Nina mtoto mchanga wa miezi mitano. Nifanye nini? Je, nilikosea kukataa wembe? Na nikiumwa mimi au mtoto mwingine tena, nianzie wapi?

Mama Watatu, Nyamasaria.

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa jambo la tandu, nataka ushughulikie ile chupa ya soda leo hii, usingoje Jumamosi. Katika kila kitu ulichonieleza, hiyo ndiyo inayoweza kuua mtu nyumbani mwako. Mtoto wa miaka saba akiona chupa ya soda huona soda. Mwambie baba watoto airudishe kwa mwenyewe ikiwa imefungwa vizuri, na mpaka itakapotoka hapo iwekwe juu, mahali pasipofikiwa na mtoto, ikiwa imeandikwa SUMU kwa herufi kubwa. Msiimwage chooni wala mtaroni, kwa kuwa maji ya mitaro yetu huishia ziwani, na ziwani ndiko tunakovua.

Dawa za nyanya zimetengenezwa kwa shamba lililo wazi. Lebo zake huagiza mnyunyizaji avae glavu na barakoa, na nyingine hutaja muda ambao mtu haruhusiwi kurudi shambani baada ya kunyunyiza. Nyinyi mnataka kulala ndani ya hewa hiyo, wavulana wakiwa wamelaza mashavu karibu na sakafu, na mtoto mchanga anayetia mikono kinywani kila dakika. Baadhi ya dawa hizo hushambulia mishipa ya fahamu: mtu hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho husinyaa, anatapika, kifua kinabana. Ukiona dalili hizo kwa yeyote aliyeishika au kuivuta, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, na kama ameinywa usimlazimishe kutapika. Nasema hivyo hivyo kuhusu dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo najua watu wengi huku kwetu huimwaga pembeni mwa nyumba.

Halafu hata haitawasaidia. Tandu hushinda mchana kutwa ndani ya ufa, chini kabisa, ambako dawa mnayonyunyiza sakafuni haifiki. Mkilazimika kutumia dawa, nunueni ya nyumbani iliyo katika kopo lake, yenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa za kuua wadudu nchini. Watoto watoke nje, madirisha yafunguliwe, na lebo isomwe hadi mwisho.

Sasa mtoto. Hapana, hukukosea kukataa wembe, na hakuna sumu iliyobaki ikingoja kumzukia. Tandu hachomi kwa mkia. Jozi yake ya kwanza ya miguu, iliyo chini ya kichwa, imekuwa kucha mbili zenye tezi za sumu, na ndiyo sababu uliona vitone viwili. Sumu yenyewe ni mchanganyiko wa protini na kemikali nyingine ambazo mwili huzivunja na kuzimaliza. Maumivu huwa makali zaidi mwanzoni, uvimbe unaweza kuendelea kwa siku moja au mbili, na mtoki ni tezi za kinenani zikifanya kazi yake baada ya mguu kuumia. Yote uliyonisimulia, hadi kushuka kwa uvimbe siku ya tatu, ni njia ya kawaida ya mtu anayepona. Kuwashwa kunaweza kuendelea kwa siku nyingi. Alama nyeusi ni ngozi iliyobadilika rangi baada ya kuvimba, nayo hufifia polepole. Mkate kucha asijikune hadi akatoboa ngozi, na mwuza dawa aliyesomea kazi yake atakupa losheni ya kalamini au dawa ya mzio inayofaa umri wake. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa au homa, mpeleke kituo cha afya, kwa maana hapo bakteria watakuwa wameingia kwenye kidonda.

Umeuliza uanzie wapi safari nyingine. Sabuni na maji safi kwanza, kama ulivyofanya. Aliyeumwa mkononi avue pete na bangili mapema, kabla vidole havijavimba. Baada ya hapo, bandika maji jikoni, maana maji ya moto hupunguza maumivu haya vizuri. Kule Taiwan, ambako tandu wakubwa huuma watu wengi, madaktari walilinganisha barafu, maji ya moto na sindano ya kutuliza maumivu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009: njia zote tatu zilituliza, wala hapakuwa na tofauti kubwa kati yake. Mwenye jiko la makaa na beseni anaweza basi kumtuliza mtoto wake saa nane za usiku, bila kutafuta pikipiki kwenye mvua.

Lakini hapa nakusihi uwe mwangalifu sana, kwani nimeona watoto waliobabuka kwa maji yaliyokusudiwa kuwasaidia. Yanayotakiwa ni maji ya nyuzi 43 hadi 45 hivi, moto wa kuvumilika. Changanya ya moto na ya baridi kwenye beseni kabla mguu haujaingia, kisha tumbukiza mkono wako mwenyewe na uuache humo kwa dakika nzima. Ukishindwa kuvumilia wewe, mtoto hayawezi. Usipime kwa mguu ulioumwa, kwa sababu wenye maumivu makali hauonyeshi vyema kama maji yanaunguza. Usiongeze maji ya moto mguu ukiwa ndani. Utoe kwanza, changanya, pima tena. Dakika ishirini hadi thelathini zatosha, na ngozi ikianza kuwa nyekundu sana, acha. Mzee mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asitumie njia hii kabisa. Kama maji ya moto hayapo, au kama yeye anaona afadhali baridi, kitambaa chenye barafu au maji baridi sana kinafaa pia, mradi barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Panadol ulifanya vyema kumpa. Fuata kipimo cha uzito au umri kwenye chupa, pasipungue saa nne kati ya dozi moja na nyingine, na isizidi mara nne kwa siku, usiku wake ukiwemo. Aspirini usimpe mtoto.

Baada ya hapo kaa naye umtazame, hasa saa ya kwanza. Midomo, ulimi au uso kuvimba. Kupumua kwa shida au kifua kupiga miluzi. Vipele kumtoka mwili mzima. Kutapika tena na tena. Kizunguzungu au kuzimia: ukiona hata kimoja, usingoje kupambazuke. Huo unaweza kuwa mzio mkali, na dawa yake ni sindano iliyoko hospitali. Kutoka Nyamasaria, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia, iko karibu. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199, bila kujali saa. Mtoto mchanga, mzee mwenye ugonjwa wa moyo, au mtu aliyeumwa usoni au shingoni, mimi ningempeleka akaangaliwe hata kama dalili hizo hazijatokea.

Jambo hili moja ningependa kila mzazi wa bonde la Kano alijue. Nyinyi mlimwona tandu kwa macho yenu. Kama hamkumwona mnyama na kuna vitone viwili, msiseme ni tandu kwa sababu tu mmezoea tandu. Maji yakijaa, nyoka nao hutafuta pakavu, na huku kwetu wapo swila na kifutu. Mtu aliyeumwa gizani na kitu kisichojulikana apelekwe hospitali mara moja, mguu ukiwa umetulizwa usitikisike, bila kamba na bila kukatwa. Kope zikilegea, sauti ikibadilika, akishindwa kumeza, au fizi zikitoa damu, hiyo si kazi ya tandu.

Nije kwa mama mkwe wako, kwa maana naona hapo ndipo moyo wako unapouma.

Usimchukulie kuwa adui. Ameona watu wakichanjwa baada ya kuumwa na tandu, na akawaona wakipona. Aliyoyaona ni kweli. Wangepona hata wasingechanjwa, kwa kuwa ni nadra mno tandu kumuua mtu, lakini aliyeshika wembe ndiye aliyepewa shukrani. Sumu ikishaingia nyamani haitoki kwa kuchanja. Kinachoingia ni uchafu wa wembe: pepopunda, na kama wembe umetumiwa na wengine, ukimwi na homa ya ini. Kamba huzuia damu, na mguu uliokosa damu kwa muda unaweza kuharibika vibaya kuliko tandu yeyote angeweza kuuharibu. Mafuta ya taa huchubua ngozi. Jiwe jeusi, mkojo, maji ya betri na kaa la moto, ambavyo bado nasikia vikitumika kuanzia Bungoma hadi Nakuru, havina faida yoyote.

Hayo yote usimwambie wewe mwenyewe mezani mbele ya mwanawe. Yeye ni mzazi, amepoteza nyumba yake kwa mafuriko, na sasa anaishi kwa mkwe ambako neno lake limekataliwa usiku wa hofu. Mwezi ujao mtoto mchanga anafikisha miezi sita, na hapa Kisumu huo ndio umri wa kupewa dozi ya kwanza ya chanjo ya malaria. Mwombe mama akusindikize kliniki. Beba pia kijitabu cha huyu mkubwa, umuulize muuguzi kuhusu chanjo zake za pepopunda, na umweleze yaliyotokea mama akiwa amekaa hapo. Neno la muuguzi halitamvunjia heshima kama lako. Kama hataki kutoka, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu aje kuwasalimu. Kisha mpe mama kazi ya kweli: usiku wa tukio jingine, wewe ukichanganya maji, yeye ndiye ampakate mtoto na kutazama anavyopumua. Mtoto aliyepakatwa na nyanya yake hulia kidogo, na macho ya mtu mzima aliyelea wengi huona badiliko haraka. Ungemwambia pia kwamba ulimkatalia wembe, hukumkataa yeye. Nadhani anangoja kulisikia hilo.

Jirani naye umpe amani. Tandu huwinda peke yake, na anaweza hata kumla mwenzake. Jike hujikunja kuzunguka mayai yake na kuyalinda hadi watoto wawe tayari kutoka, jambo ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolikumbuka, lakini hana dume la kumtuma kulipiza kisasi. Mkiona wa pili ni kwa sababu nyumba ina unyevu na chakula. Mwili wa tandu hupoteza maji upesi, kwa hiyo hawezi kukaa mahali pakavu muda mrefu. Chakula chake ni mende, nyenje, buibui na wadudu wengine. Mahali penye mende wengi na bafu lisilokauka, mnamkaribisha.

Kwa hiyo kazi ya Jumamosi ipo, na baba watoto asivunjike moyo. Ainue lile godoro kutoka chini. Vitanda vya vyuma vya kupandana vikiwa ghali, fundi wa mbao anaweza kutengeneza jukwaa la miguu mifupi, au mnunue zile fremu za mbao za kupangia mizigo na kuzipigilia pamoja. Jukwaa lisiguse ukuta. Kila anayelala apate neti, na pindo za neti zichomekwe chini ya godoro pande zote. Neti mnazo kwa ajili ya mbu, na ikichomekwa vizuri tandu hapati njia. Shuka zisiburute sakafuni. Asubuhi viatu na sare za shule zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, gambuti hasa.

Gunia la makaa litolewe jikoni, hilo ni maficho yake mazuri. Matofali, kuni na majani makavu yasilundikwe ukutani. Yaache hatua moja au zaidi. Chini ya mlango pigilieni kipande cha mpira wa tairi kinachogusa sakafu. Tundu la kutolea maji bafuni liwekewe wavu mgumu, na usiku bafu lipanguswe likauke. Mabaki ya ugali na samaki yasilale mezani, maana hayo huwaita mende, na mende huwaita tandu. Kuku wakidonoa uani watawala tandu wengi tu, ila wasilale ndani na watoto.

Umebaki ufa. Udongo wenu mweusi wa Kano huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo sakafu itaendelea kupasuka hata ikizibwa vizuri. Zibeni sasa kwa simiti na mchanga, mkijua mtarudia. Lakini ufa unaotoka mlangoni hadi bafuni ni mkubwa, na kuukarabati ni juu ya mwenye nyumba. Mpigie picha huo ufa, mguu wa mtoto kama ulipigwa picha, na yule tandu kama bado mnaye. Mwandikieni ujumbe wenye tarehe mkimwomba fundi, na mkubaliane kwa maandishi kabla hamjatumia pesa zenu kama gharama hiyo itakatwa kwenye kodi. Anzeni wiki hii wakati jua bado linatoka mchana, kwa sababu simiti huhitaji siku kadhaa kukomaa kabla ya maji kupita juu yake.

Shangazi